Kukimbia na Kukimbilia

Kisugu, jioni ya kuamkia safari yako

Mwanangu Akello,

Nakuomba radhi kwa kimya changu. Najua ni ajabu mtu kuomba radhi ya kimya kwa binti anayelala naye chini ya paa moja, lakini ndivyo tulivyoishi. Tangu mvua zilipoanza umekuwa ukinisalimu asubuhi, nami nikijibu salamu, kisha nachukua chai yangu na kwenda kuinywa uani. Mama yako aliniuliza kama nimekukasirikia. Nilimwambia hapana, na ilikuwa kweli. Sikuwa na sentensi. Mtu aliyekula mkate wake kwa kufundisha sentensi hana la kujitetea akikosa hata moja ya kumwambia mwanawe.

Sitakuandikia habari za pasipoti, wala za nguo, wala namna ya kuwajibu watu wa uwanja wa ndege. Hayo mama yako amekwisha kuyasema na bado anayasema. Namsikia chumbani kwenu akikuuliza tena kama cheti cha chanjo kiko katika mkoba mdogo au mkubwa. Mimi nataka kukuandikia juu ya swali ulilonipa Jumapili, tulipokuwa tunatoka kumsindikiza shangazi yako. Ulisema: "Baba, mshahara wangu wa kwanza ni wa karo ya Adongo. Lakini uamue wewe kama anaenda kidato cha tano, kwa maana wewe ndiye mwalimu. Usiniache nilipie kitu ambacho hata wewe hukiamini."

Ulilisema kwa upole, kama mtu anayeuliza njia. Sikukujibu. Zamani ningekujibu kabla hujafunga mdomo.

Unajua kwamba nilivuka kuingia Tanzania nikiwa kijana, wakati ambapo kuwa mtu wa kabila la Lango hapa Kampala kulitosha mtu kuchukuliwa na asirudi. Ambalo sijakuambia ni namna nilivyopata ile sarufi ambayo nimewachosha nayo. Nilipokelewa katika chuo cha ualimu. Mkufunzi wetu wa Kiswahili alikuwa na desturi ya kusimama nyuma ya darasa akiwa amefumba macho huku mmoja wetu akisoma insha yake mbele. Aliyekosea upatanisho wa ngeli alionyeshwa mlango kwa kidole, na macho hayakufumbuliwa. Wenzangu walimchukia. Mimi nilimpenda. Sikuwa na baba, sikuwa na nchi, na kipande changu cha karatasi cha kuishi pale kilikuwa kinaisha kila mara. Lakini niligundua kwamba kuna mahali pamoja duniani ambapo hakuna mtu anayeweza kunionyesha mlango, maadamu nimelinganisha jina na kitendo chake. Nilijificha humo. Nadhani sijatoka mpaka leo.

Vita vya mwaka wa themanini na sita vilipokwisha nilirudi nyumbani, nikapewa kazi ya kuwafundisha Kiswahili vijana waliokuwa wanaingia polisi. Ninyi watoto mmekua katika mji ambamo Kiswahili kinachekwa tu. Wakati ule kiliogopwa. Watu wa Kampala walikuwa wamekisikia katika vizuizi vya barabarani, kikisema lala chini, toa saa, funga mdomo. Mama mmoja wa sokoni aliponisikia nikiuliza bei ya nyanya alinipa nyanya akakataa kuchukua pesa. Nilirudi nyumbani nikaapa kwamba nitawafundisha askari lugha safi, ili watu wasiogope tena. Niliamini kwamba askari anayeweza kusema "Tafadhali nionyeshe kitambulisho chako," akiweka kila kiambishi mahali pake, hawezi kumpiga mtu kofi katika sentensi hiyo hiyo. Anaweza. Nimemwona, na nilikuwa nimempa alama za juu.

Huko ndiko nilikomkuta mama yako. Alizaliwa kambini, baba yake akiwa askari kutoka upande wa Arua, na katika ile mistari ya nyumba za mabati watoto wa makabila yote walicheza kwa Kiswahili kwa sababu hawakuwa na lugha nyingine ya kuwaunganisha. Mimi nilijifunza Kiswahili nikiwa na ndevu. Yeye alikinyonya. Hata hivyo, tangu siku ya kwanza, nilikuwa mimi ninayemsahihisha. Akisema "watoto yangu," nasema "watoto wangu." Akisema "chakula imeiva," nasema "kimeiva." Naye hucheka na kusema, "Haya, Mwalimu, imeiva kimeiva, njoo kula." Nilidhani anacheka kwa sababu anakubali.

Na wewe je? Ulikuwa darasa la pili au la tatu. Ulikuja kutoka shule ukilia mpaka kamasi zinafika kidevuni, ukaniambia, "Baba, kitabu yangu imepotea." Nikakuambia, "Kitabu changu kimepotea. Sema tena." Ukasema tena ukakosea. Nikakuambia urudie. Uliendelea kurudia mpaka kilio kikakauka, ukasimama wima na kusema sawasawa: kitabu changu kimepotea. Nilikusifu. Sikukuuliza kimepotea vipi, wala ni nani aliyekichukua, na kitabu hakikupatikana. Baada ya hapo ukaanza kunijibu kwa Kiingereza, ukaendelea hivyo hadi ulipokua. Nilifurahi. Nilidhani ni maendeleo ya masomo.

Nimeyakumbuka haya yote kwa sababu ya ile kazi ya kuandika sauti. Unaijua kuliko mimi, lakini kuna sehemu yake usiyoijua, na ni lazima uende ukiijua.

Ulipomaliza chuo kikuu nilivaa tai, tukapiga picha, mama yako akaitundika digrii ukutani juu ya redio. Nilikuwa nimewaambia ninyi wote, na majirani, na yeyote aliyesimama karibu nami, kwamba ulimwengu sasa unaendeshwa na kompyuta, na kwamba anayezijua hatalala njaa. Nani aliniambia mimi? Nilisoma gazetini. Kisha ukaenda Wandegeya, katika kile chumba chenye mashine za kuchapia, ukawa unawapigia chapa wanafunzi wengine tasnifu zao na kuzitia jalada. Nilikupitia siku moja nikakukuta umepiga magoti chini ya meza unachomoa karatasi iliyokwama. Mwenye duka alisema, "Mzee, huyu binti yako iko sawa kabisa, hata mashine inamuogopa." Ulicheka. Mimi nikasema "yuko sawa," nikaondoka.

Kwa hiyo ulipokuja na habari kwamba kuna kampuni ya ng'ambo inayotaka watu wa Kampala wasikilize sauti na kuziandika, ili mashine ijifunze kuwaelewa watu wa hapa, na kwamba wewe umekuwa kiongozi wa kikundi na unatafuta watu wanaokijua Kiswahili, moyo wangu uliruka. Sikuonyesha. Niliuliza maswali makali kama kawaida. Lakini ndani nilisema: hatimaye. Niliyojifunza nikiwa mkimbizi, niliyoyafundisha kwa vijana waliosinzia, yanahitajika na watu wenye mashine. Nilinunua miwani mpya.

Ulinipa maelekezo, na nakiri uliyasema waziwazi: "Baba, andika unachosikia. Usiguse kitu." Nikakuambia sihitaji kuelezwa kazi ya imla na mtoto niliyemfundisha kushika kalamu.

Nikavaa vile vipokea sauti vya masikioni, nikaanza. Mwendesha pikipiki wa Nateete alisema, "Piki yangu imekufa juu ya plagi." Nikaandika: Pikipiki yangu imeharibika kwa sababu ya plagi. Mwanamke Mkongo anayeuza vitenge alisema, "Tuko tunatafuta ka franga kidogo ya watoto." Nikaandika: Tunatafuta fedha kidogo kwa ajili ya watoto. Nilifanya hivyo kwa siku nyingi. Mwanangu, nakuapia, sikudhani kwamba ninabadili kitu. Hili ndilo usiloliamini, nami sikulaumu. Ulifikiri nilifanya kwa kiburi, kwamba nilisikia "imekufa" nikakataa kuiandika. Laiti ingekuwa hivyo. Mwenye kiburi anaweza kujishusha. Mimi nilisikia "imeharibika."

Siku ile ilipokuja barua ya kampuni ya kukisimamisha kikundi chako, ulifungua kompyuta mezani ili uone kosa liko wapi. Ulikuwa umeweka miongoni mwa zile sauti sauti ya mama yako, ambaye ulimrekodi jikoni akisimulia utoto wake. Ulimwita asikie. Ukapiga sauti yake kwanza: "Sisi watoto ya bariki, kama baba ametoka kazi, sisi yote tunakimbia yeye." Kisha ukamsomea nilichoandika: Sisi watoto wa kambini, baba alipotoka kazini, sote tulimkimbilia.

Unakumbuka alivyofanya. Alijifuta mikono kwa kanga, akasogea, akasema, "Huyu mwanamke ni nani? Mwalimu, umeoa ingine huko ndani ya kompyuta?"

Adongo alicheka mpaka akashika ukuta. Wewe hukucheka. Ulifunga kompyuta ukatoka nje, na nilisikia lango. Ndipo mama yako akavuta kiti akakaa karibu yangu, jambo asilolifanya akiwa na sufuria motoni.

"Mimi nilisema tunakimbia yeye," akasema.

Nikamwambia ndivyo nilivyoandika, ila kwa utaratibu.

"Hapana. Wewe uliandika tunaenda kwa yeye. Sisi tulikuwa tunatoka kwa yeye. Tunapita kwa dirisha. Kama unaona chupa kwa mkono, unakimbia. Kama hauoni chupa, unakimbia pia, kwa sababu iko kwa tumbo."

Akacheka kidogo. Mimi sikuweza. Nilimuuliza kwa nini hajawahi kuniambia.

"Nilikuambia," akasema. "Mara ngapi nilikuambia! Wewe unanitengeneza mdomo. Nikisema, unasema hapana, si hivyo, ni hivi. Nikaona, basi, na iwe hivyo. Hiyo ya kwako ilikuwa nzuri kuliko yangu."

Kisha akaenda kutazama sufuria yake.

Nimefundisha kauli ya kutendea kwa muda wote wa kazi yangu. Ningeweza kuieleza nikiwa na homa. Kukimbia, kukimbilia. Tulimkimbia, maana yake tulimtoroka. Tulimkimbilia, maana yake tulimwendea kwa furaha, au tulitafuta kwake hifadhi. Mama yako hakukitia kiambishi kile, kwa sababu lugha ya bariki haikihitaji, na mtu yeyote aliyekuwa anamsikiliza angejua alimaanisha nini kwa sauti peke yake. Mimi nikakitia. Niliona kuna baba na watoto na jioni, nikaona kitendo kimesimama bila adabu, nikakivisha. Na kwa mkono wangu nikaandika kwamba mke wangu alimpenda mtu aliyemtia hofu utoto wake wote. Nilikuwa nimeliamini hilo tangu tuoane. Nilimsifu babu yenu mbele yenu katika sherehe za Idi, nikiwaambia jinsi watoto wake walivyompokea mlangoni.

Hiyo ndiyo sehemu usiyoijua. Ya pili ni hii. Kampuni ilipokuandikia kwamba kikundi kinaweza kupewa nafasi nyingine iwapo aliyekosea atarudia sehemu ya kazi, ulinijia na kuniomba. Nikakujibu, na maneno yale yananichoma, "Mimi siandiki upuuzi." Ukageuka ukaenda. Kuanzia hapo ndipo kimya kilipoanza. Ukweli, Akello, ni kwamba nilikuwa nimekwisha kurudia. Nilirudia mchana wakati ulipokuwa mjini. Nilisikiliza kila sauti mara nyingi, nikiandika polepole kama mtoto, kisha nikalinganisha. Sehemu kubwa nilikuwa nimesahihisha tena. Mkono ulikwenda wenyewe. Sikio limekwisha kuwa la mwalimu na halina njia ya kurudi kuwa la mtu. Nilipoona hivyo nilifuta kila kitu, na ulipokuja kuniomba nikaona ni afadhali unione mkaidi kuliko unione sijui kusikia.

Basi akaunti yako ikafungwa, kwa kosa lililoitwa kazi ya kubuni. Wewe, uliyesimama dhamana kwa ajili yangu. Nilikuona ukiandika rufaa zako mezani, majibu yakirudi kabla hujanyanyua mkono kutoka kwenye kitufe. Niliandika na mimi, bila kukuambia. Nilieleza kwamba kosa lilikuwa la mzee mmoja aliyefunzwa vibaya, au aliyefunzwa vizuri mno, na kwamba binti yake hana hatia. Niliandika barua nzuri kuliko zote nilizowahi kuandika. Jibu lilikuja papo hapo, kwa Kiswahili, likisema: "Tunasikitika kwa usumbufu yako." Nikalitazama lile neno "yako." Nilitaka nilisahihishe, nilirudishe. Lakini kwa nani? Hakukuwa na mtu nyuma yake mwenye macho, yaliyofumbwa au yaliyofunguliwa. Hapo ndipo nilipoelewa kidogo ni ulimwengu gani niliokuwa nikiusifu nikiwa na gazeti mkononi.

Nilikuwa nawaambia wanafunzi wangu kwamba mwizi anaweza kuchukua ng'ombe, nyumba na nguo, lakini hawezi kuchukua kile ulichojifunza. Niliwaambia hata ninyi. Sasa naona kwamba hakuna anayehitaji kukichukua. Wanakiacha kwako. Kinakaa ndani yako kizima, kimepangwa vizuri, na hakuna anayekuja kukiulizia. Na wakikiulizia, wanakitaka kikiwa vipande vidogo, hiki hapa, kile pale, na hawakuambii wanajenga nini.

Nilikusindikiza kwa yule ajenti anayepeleka vijana kazini Uarabuni kwa sababu mama yako alinisukuma. Nilivaa tai. Yule kijana alishika karatasi zako, akapekua, akatikisa kichwa. "Ssebo, mzee wangu, hii digrii tutoe. Ile watu ikiona digrii inaogopa. Inasema huyu atasumbua." Akakata mstari, akaandika kwamba umemaliza sekondari. "Sasa iko sawa. Huko kazi iko rahisi, nnyabo, dada yangu, unafungwa kamashine hapa kwa mkono, kanakuonyesha kila kitu. Enda kushoto, enda kulia, chukua boksi. Hata kufikiri haufikiri."

Ulimuuliza, "Na kakikosea?"

"Hakakosei. Wewe ndiye unakosea."

Mkacheka wote wawili. Nilitazama ukuta. Picha za maghala marefu, taa nyeupe, wasichana wenye vikoti vya rangi ya machungwa, kila mmoja akitabasamu. Mwanangu alijifunza namna mashine zinavyopewa amri, na kesho anakwenda mahali ambapo mashine itampa yeye amri. Sijui nikuambie nini juu ya hilo. Nimetafuta ushauri, na kila nilioupata ulikuwa wa mtu mwingine. Siwezi kukuambia kwamba utapanda cheo, kwa kuwa sijui kama kuna ngazi. Siwezi kukuambia kwamba ni kwa muda tu. Yule aliyenipokea mimi Tanzania alinipa kitanda akisema ni kwa muda tu, na niliondoka nikiwa na mvi za kwanza.

Nimejiuliza kama unatukimbia, au kama kuna kitu unachokikimbilia. Sikuthubutu kukuuliza, kwa kuwa nilihofia nitasikia jibu ninalolipenda.

Sasa Adongo. Juzi nilimkuta anamenya ndizi, nikamwambia matokeo yake ni mazuri na shule imempa nafasi. Hakuinua kichwa.

"Baba, Akello alisoma mpaka kusoma kukaisha. Anaenda kubeba maboksi. Mimi nikisoma fizikia, nitabeba maboksi kwa fizikia?"

Mama yako akasema kutoka jikoni, "Utabeba na akili. Hautavunjika mgongo."

"Mama, mgongo haujui kama nina cheti."

Walicheka. Angalia jinsi wanawake wa nyumba hii wanavyocheka. Kisha Adongo akaniambia kwamba anataka kwenda Nateete kwa Mama Furaha, yule Mkongo anayetengeneza simu karibu na soko, akajifunze kazi ya mikono. Nilikwenda kumwona huyo mama, bila kumwambia mtu. Nilimkuta na kioo cha jicho moja, ameinamia simu iliyopasuliwa tumbo. Alinipisha benchi. "Ule mutoto, Baba, unipatie. Iko na vidole ya kutulia." Nikamuuliza kama kazi hii ina mbele. Akavua kile kioo, akanionyesha simu mpya ya mteja, nyembamba kama kipande cha kigae. "Za sasa wanabandika na gundi. Hawapendi tuifungue. Nitamufundisha yote yenye najua, lakini sitamudanganya. Sijuwe kama itafika mbali."

Nilimshukuru. Ni mtu wa kwanza katika jambo hili lote aliyeniambia kwamba hajui.

Kwa hiyo unaona nilipo. Nikisema aende shule, nitakuwa nakufunga wewe kule ghalani umlipie njia iliyokufikisha wewe ghalani. Nikisema asiende, nitakuwa nimekiri, mimi mwalimu, kwamba yote niliyowaambia tangu mjue kusimama hayakuwa na kitu ndani. Na yeye yumo katika umri ule ambao mtu akifungiwa mlango huu haufunguki tena kwa ajili yake. Mwanzoni mwa barua hii nilifikiri kwamba nikiandika mpaka mwisho nitakuwa nimejua. Sijajua. Nimekaa hapa, chai imepoa, na kila upande ninaougeukia naona ukuta uliopakwa chokaa vizuri.

Siwezi kukudanganya kwamba naona mwanga. Nadhani watu wa rika langu tuliuza kitu ambacho hatukukijua, na ninyi ndio mnaokilipa. Ukiniuliza kama ningerudi nyuma nisingekupeleka chuoni, sijui pia. Nilikuona siku moja ukimweleza Adongo namna kompyuta inavyotafuta neno miongoni mwa maneno mengi, ukichora kwa mkaa sakafuni. Uso wako ulikuwa na kitu ambacho sijakiona usoni mwako tangu hapo. Siwezi kusema kilikuwa bure. Siwezi kusema pia kitakulisha.

Nilichopata ni kidogo, na nakupa kwa kuwa sina kingine. Huko uendako utakutana na watu wa kila nchi, na wengi wao watazungumza Kiingereza kilichovunjika na Kiarabu kilichovunjika zaidi. Mtu akikusimulia jambo lake katika lugha ya namna hiyo, mwache afike mwisho. Usimsaidie neno. Mimi nilimsaidia mama yako maneno kwa maisha yetu yote pamoja, na nimemjua juzi.

Mama yako ameingia hapa na kuuliza ninaandika nini kirefu hivi. Nikamwambia nakuandikia wewe. Amesema nimtilie neno lake, nami naliandika: "Akello, kama iko ngumu, rudi. Usisikie haya ya watu. Hiyo digrii yako iko hapa kwa ukuta, haikuli chakula. Na huyo mtu ya ajenti, kama alidanganya, mimi nitaenda kwa ofisi yake na nitalala pale mlango, atanijua mimi mtoto ya bariki."

Shule zinafunguliwa baada ya majuma machache. Kabla ya hapo nitakaa na Adongo, tuwe wawili tu, na nitamuuliza anataka nini na kwa nini, na sitasema chochote mpaka atakapokuwa amemaliza. Sina hakika kwamba nitaweza. Nitamwomba mama yako akae nasi, ili baadaye aniambie nilichosikia vibaya. Kisha nitaamua, na siku nitakayoamua nitakuandikia, iwe nimempeleka shuleni au Nateete, ili ujue mshahara wako unakwenda wapi na ni nani aliyeutuma huko.

Ni mimi baba yako.